Zege la Siku ya Saba

Sogeeni mbele, wapendwa, viti vya mbele havina miiba. Mfano wa leo una vumbi jekundu, kwa hiyo mwenye shati jeupe ajihadhari mwenyewe, kanisa halilipi sabuni.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kujenga, katika kijiji kimoja kikavu, kule ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama kama bibi harusi. Fundi huyu hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa Fundi Mkuu. Ukimwita "fundi" tu, anageuka nyuma kutazama ni nani mwingine unayemwita. Mwiko wake ulikaa mfuko wa nyuma wa suruali siku zote, kazini, sokoni, hata msibani. Akiingia nyumbani kwako hasalimii kwanza. Anagonga ukuta kwa kidole, ngo, ngo, anatikisa kichwa kwa huruma, ndipo anasema, "Hamjambo humu ndani." Mnamjua mtu huyo? Mnamjua sana. Wengine mmeolewa naye.

Kijiji kile kilikuwa na zahanati. Nasema kilikuwa nayo, kwa sababu ufa ulianzia msingini, ukapanda ukutani, ukafika darini, na siku daktari alipoanza kuona mawingu kupitia ukutani wakaamua kuibomoa kabla haijawabomoa wao. Na aliyeijenga zahanati hiyo miaka ishirini nyuma alikuwa nani? Msijibu kwa sauti. Alikuwa huyo huyo, Fundi Mkuu.

Basi pale uwanjani kukabaki kichuguu cha kifusi: matofali ya kuchoma yaliyovunjika, plasta, vipande vya mbao, misumari iliyopinda. Kila asubuhi Fundi Mkuu alipopita pale aligeuza uso upande wa pili, akajifanya anatazama mbuzi. Kijiji kizima kikastaajabu jinsi mzee huyu alivyopenda mbuzi uzeeni. Lakini rohoni alikuwa anasema, lini watakizoa kitu hiki, lini watakitupa korongoni nisikione tena.

Zahanati mpya ilikuwa na ramani nzuri. Chumba cha kujifungulia, na pembeni yake chumba cha mama kupumzika na mtoto wake. Mwaka ule wanawake wawili walikuwa wamejifungulia njiani wakipelekwa mjini, mmoja juu ya baiskeli. Kwa hiyo hakuna aliyeichezea ramani ile. Kokoto zikaponda watu, watu wakaponda kokoto, mchanga ukaletwa, na lori la saruji likaja. Likaja mara moja tu. Kwa kila mifuko mitano iliyohitajika, lilileta minne, na dereva akasema barabara imeharibika, harudi mpaka baada ya masika. Akaondoka huku akipunga mkono kama mtu aliyefanya wema.

Kikao cha ujenzi kikakaa. Fundi Mkuu akasimama, akakohoa kikohozi cha wakubwa.

"Dawa ni rahisi. Tunakata chumba kimoja. Mama akishajifungua arudi kwake akapumzike. Mimi mama yangu alinizaa asubuhi, jioni alikuwa anapalilia."

Mkunga wa kijiji, mama mfupi mwenye sauti ndefu, akamjibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana umetoka hivyo."

Kikao kikacheka. Fundi Mkuu hakucheka. Ndipo mhandisi, binti mmoja aliyeletwa kusimamia kazi ile, akauliza swali dogo.

"Wazee wangu, kile kifusi mnakipeleka wapi?"

"Korongoni," akasema Fundi Mkuu, upesi mno.

"Naomba msikitupe. Tuchague matofali yaliyoiva vizuri tu, tuyatenge na plasta na udongo, tuyasage yawe unga laini, laini kabisa. Kisha kwa kila ndoo nne za saruji tutie ndoo moja ya unga ule, mahali pa ile ya tano tuliyoikosa. Tofali lililochomwa, likisagwa vizuri, linapokutana na saruji na maji nalo linashika. Linashika polepole, lakini linashika. Hatukati chumba."

Wapendwa, mmewahi kumwona jogoo akimwagiwa maji? Hivyo ndivyo Fundi Mkuu alivyosimama.

"Binti yangu, mimi nimechanganya zege kabla mama yako hajachumbiwa. Kifusi kinafukia mashimo, hakijengi. Wewe unataka kutupikia pilau kwa ukoko wa jana."

"Ukoko, mzee wangu, kuna nyumba watu wanaugombania."

Kikao kikacheka tena, na kicheko cha pili kikamuuma kuliko cha kwanza. Lakini niwaambie siri yake, maana yeye mwenyewe hakuisema. Zege halikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa kwamba kifusi kile kilikuwa aibu yake, na huyu binti hataki itupwe. Anataka kuisaga na kuitia ndani ya kuta mpya, ikae humo, wajukuu wake wazaliwe juu yake. Nani kati yetu angekubali?

Mwenyekiti akaona kikao kitageuka ngumi, akaamua hivi: kila mmoja achanganye zege lake, atengeneze vitofali sita vya majaribio, vya mraba kila upande. Vitatu vitapelekwa kwenye maabara ya mjini vikapondwe na mashine siku ya saba, vitatu siku ya ishirini na nane. Alama inayotakiwa ni ishirini na tano. Mchanganyiko utakaoshinda ndio utakaojenga.

"Hukumu iwe ya siku ya ishirini na nane," akasema mhandisi. "Siku ya saba ni ya kuchungulia tu."

Fundi Mkuu hakusikia. Masikio yake yalikuwa yameshajaa. Akachomoa mwiko mfukoni akauinua juu.

"Sikilizeni wote. Vya binti huyu vikishinda vyangu, nauweka chini mwiko huu. Nitakuwa saidia fundi wake, nitabeba maji kwa ndoo mbele ya wake zenu. Vyangu vikishinda, chumba kinakatwa, na kifusi kile kinalala korongoni siku hiyo hiyo."

Kiapo kikubwa hicho. Mwenyekiti akakiandika, maana wenyeviti hupenda kuandika.

Kesho yake kazi ikaanza. Mwenye mashine ya mahindi alikataa katakata kusaga matofali, akasema yeye ana wateja wenye meno. Basi wanawake wakaleta vinu na michi. Wakatwanga. Wakachekecha. Wakarudia kutwanga makapi na kuchekecha tena. Mmoja akauliza, "Mhandisi, tuchekeche mara ngapi?" Akajibiwa, "Mpaka ukipuliza upae." Unga ukatoka mwekundu, mzuri, unateleza vidoleni, na kufikia saa nne mtu mmoja mwenye heshima zake, ambaye kwa kulinda kiti chake simtaji, akamtuma mkewe aombe kibaba kimoja cha ule ulezi akapikiwe uji. Na mjamzito mmoja, mnawajua wajawazito na udongo, akachovya kidole akalamba. Akasema una ladha kuliko ule wa dukani. Mkunga akamfukuza kwa mchi.

Vitofali vikatengenezwa, sita kwa sita, vikafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Kwa siku saba Fundi Mkuu na mhandisi walimwagilia kila mmoja vya kwake, asubuhi na jioni, bila kusemezana. Na maji ya kijiji kile, kumbukeni, hayakuwa ya bomba. Yalikuwa ya kisima kirefu, unavuta kamba mpaka unasahau ulikuja kufanya nini.

Siku ya saba wakapanda gari la mizigo wote wawili, na mwenyekiti kama shahidi, wakaenda mjini. Mtu wa maabara akaweka kitofali cha Fundi Mkuu kwenye mashine, mashine ikabana, ikabana, kitofali kikalia mlio mmoja kikapasuka. Kumi na tisa. Cha pili na cha tatu vilevile, kumi na tisa. Akaweka vya mhandisi. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na nne.

Fundi Mkuu alirudi kijijini amesimama nyuma ya gari, mkono mmoja kiunoni kama mgombea. Watu walipiga vigelegele hata kabla ya kujua ni vya nini. Akaenda moja kwa moja kwenye magunia, akachukua vitofali vyake vitatu vilivyobaki, akavifuta kwa shati, akavipeleka nyumbani. Akavipanga juu ya kabati la sebuleni, kwenye kitambaa cha kufuma cha mke wake, katikati ya redio na picha ya ubatizo. Mgeni akija anaonyeshwa.

Mkewe akamwambia, "Mzee, si mlisema vimwagiliwe mpaka mwisho?"

"Mke wangu, mtu ameshafaulu mtihani, unampeleka tuisheni ya nini?"

Mhandisi mwenyewe alikuja mpaka mlangoni. "Mzee wangu, nakuomba virudishe kwenye maji. Bado havijakomaa."

"Sema tu umeogopa, binti. Karibu chai."

Akaondoka, akaenda kumwagilia vya kwake. Na siku zile zilikuwa ndefu kwake, msidhani. Alipokea pole kama mfiwa. Vijana wakipita na ng'ombe walimuuliza, "Dada, hayo mawe unayomwagilia yatachipua lini tuje kuvuna?" Mwenyekiti akaanza kutafuta watu wa kuzoa kifusi. Ni mkunga peke yake aliyekuwa akija na ndoo yake jioni, anamimina, anakwenda zake kuzalisha. Na yule mjamzito wa kidole akawa anahesabu siku zake mwenyewe, kwa sababu kama chumba kinakatwa, ni chake kinachokatwa.

Ikafika siku ya ishirini na nane. Fundi Mkuu akavishusha vitofali kabatini, akavifunga katika kanga mpya, akavipakata njia nzima kama wajukuu. Wakaingia maabara.

Mashine ikabana kitofali cha kwanza cha Fundi Mkuu. Ishirini na moja.

"Rudia," akasema.

"Mzee, kimeshapasuka. Narudiaje?"

Cha pili, ishirini na mbili. Cha tatu, ishirini na moja. Alama inayotakiwa ni ngapi? Ishirini na tano. Fundi Mkuu akaisogelea mashine, akaigonga ubavuni kwa kidole, ngo, ngo, akatikisa kichwa. Mtu wa maabara akamwomba arudi nyuma ya mstari.

Vikaja vya mhandisi. Ishirini na sita. Ishirini na sita. Ishirini na saba.

Yule mzee, ambaye hakuwahi kuketi bila kuangalia kwanza kama kiti kimeungwa sawasawa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alizeeka pale pale. Kisha akasema polepole, "Basi saruji yangu ilikuwa mbovu. Nimeuziwa saruji mbovu."

Mwenyekiti akadaka neno hilo kwa furaha, maana lilikuwa linampa mzee mlango wa kutokea. "Ni kweli, siku hizi saruji..."

"Hapana," akasema mhandisi. Hakuwa anamsimanga, wapendwa, sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwambia baba yake ukweli. "Saruji yetu ilitoka lori moja. Na mchanganyiko wako, mzee wangu, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Ungeendelea kuumwagilia maji, ungenipita. Haukuwa na kasoro yoyote. Ulikufa kiu kabatini kwako."

Mmesikia? Ungenipita.

Njia nzima ya kurudi Fundi Mkuu alipakata kanga tupu. Walipofika, watu wamejaa, vigelegele viko kooni vinangoja kujua viende upande gani. Yeye akashuka, akaenda mbele ya kikao, akauchomoa mwiko akauweka mezani. Akaokota ndoo.

"Mhandisi. Ninamwagilia mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuambia, baba."

"Na unga, nani anachagua matofali?"

"Wale akina mama."

"Watakuchagulia mabichi," akasema. Akaenda kwenye kichuguu cha kifusi, na kwa mara ya kwanza tangu zahanati ibomolewe hakutazama mbuzi. Akapiga magoti. Akachukua kipande kimoja akakigonga kwa kingine, akasikiliza. "Hili limeiva, hili lilikuwa katikati ya tanuru. Hili halikuiva, lilikaa pembeni, tupa. Hili limeiva." Nani mwingine angejua? Yeye ndiye aliyeyachoma. Kufikia jua kuzama alikuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka kucha, na chumba cha akina mama hakikukatwa.

Sasa nitulie, maana nawaona. Nawaona huku kushoto, kuna watu wameshatoa leso. Moyoni unasema, "Mchungaji, umenigusa. Mimi ndiye kifusi. Nilivunjika, nikatupwa, Mungu akaniokota, akanisaga, leo mimi ni ukuta." Ndugu yangu, rudisha leso mfukoni. Wewe umebatizwa tangu mwaka ule wa njaa. Una kiti chako humu ndani na mgeni akikikalia unamsimamia kichwani mpaka atoke. Kifusi gani wewe?

Sisi ni vitofali vya kabatini. Tena nawaambia kwa upendo mkubwa, na kwa uhakika mkubwa zaidi. Hatukuwa wabovu. Tulianza vizuri kuliko watu wengi. Siku ya saba tulipata kumi na tisa, tukapigiwa vigelegele, tukatoa ushuhuda ukatafsiriwa lugha mbili. Kisha tukajipanga kwenye kitambaa cha kufuma, tukaanza kuonyeshwa wageni. Mara ya mwisho ulipiga magoti lini, bila mtu kukuona? Ulimwomba mkeo msamaha lini? Neno la Mungu ulilisikia lini ukalichukulia kuwa lako, na sio la jirani yako uliyemgusa kwa kiwiko sasa hivi? Na habari njema ni kwamba sisi hatujawekwa kwenye mashine bado. Kitofali kikavu kikirudishwa majini kinaanza kunywa tena. Tunaweza kurudi leo.

Lakini siku ya saba inadanganya pande zote mbili, na upande wa pili ndio unaoninyima raha. Yuko mama mmoja, simtaji jina, nyinyi mmeshamtaja kwa minong'ono. Alikuwa anapika gongo. Pasaka alikuja hapa mbele, na pipa lake tulilipasua kwa shoka hapo nje tukiimba. Tukampa sare ya kwaya. Jumapili iliyofuata mtu akamwona ameketi pale pale alipokuwa akiketi zamani, na glasi mkononi. Habari ilifika kwangu kabla glasi haijaisha. Tukamvua sare. Hesabuni wenyewe ilikuwa siku ya ngapi.

Wiki hii nikawauliza wazee wa kanisa, nani amekwenda kwake tangu siku ile? Wakatazama viatu vyao. Nami nikatazama vyangu. Vilikuwa vinang'aa, wapendwa. Njia ya kwake ina matope mwaka mzima, na viatu vya mchungaji wenu vilikuwa vinang'aa.

Kwa hiyo leo sifungi ibada hapa. Nimekwenda jana jioni, peke yangu, nimemkuta. Hajanywa siku tisa. Amenikaribisha kigoda, akaniuliza, "Mchungaji, umepotea njia?" Sikuwa na mzaha wa kumjibu, na mnajua mimi sikosi mzaha. Nilimwambia tutakuja wote leo, kwaya nzima, na hatutahubiri, tutamwimbia wimbo mmoja na kunywa chai yake. Akasema vikombe anavyo vinne. Basi kila mtu abebe kikombe chake.

Ile sare mama mchungaji ameifua na kuipiga pasi. Iko pale kwenye kiti cha mbele, ndiyo maana hakuna aliyekaa pale. Sasa nauliza mara moja tu, na sitaki mikono ya nusu nusu. Nani anaibeba?